Mpira wa mkojo na UTI zisizokwisha: yaliyotukuta kwa baba

Umesema mama yako ana mpira wa mkojo (katheta, ule unaoingizwa kwenye kibofu kutoa mkojo) na huu ni mwezi wake wa nne nao, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haimtoki, na kuna mtu kakushauri umpe antibayotiki kila wiki iwe kinga. Pole sana, dada. Baba yangu alikaa na mpira miezi 11 baada ya kiharusi na mimi ndiye niliyekuwa namhudumia, kwa hiyo nianze na pale nilipoharibu.

Kila asubuhi nilikuwa nachomoa mfuko wa kukusanyia mkojo kwenye mpira, nausuuza, naurudishia. Nikajiona msafi kweli kweli. Kumbe kila nikiachanisha pale kwenye maungio nawafungulia bakteria mlango hadi kwenye kibofu. Mpira na mfuko ni njia moja inayotakiwa ibaki imefungwa. Unaigusa siku ya kubadilisha tu, kwa ratiba waliyokupa, au ikivuja.

Kosa la pili aliligundua nesi aliyekuja kubadilisha mpira. Akaniambia, "Hebu mwaga mkojo nikuone." Nikanawa mikono, nikashika jagi, nikafungua koki ya mfuko. Akanisimamisha hapo hapo: ncha ya koki nilikuwa nimeiegemeza kwenye ukingo wa jagi. Tone la mwisho likabaki linaning'inia, limegusa jagi na limegusa koki. Akasema, "Hilo tone ndilo linalowarudisha." Tangu siku hiyo koki ikawa haigusi kitu, nikimaliza naifuta kwa spiriti, nanawa tena. Na usisubiri mfuko ujae pomoni. Ukifika nusu, au umevuka nusu kidogo, mwaga.

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, ila usilale sakafuni. Hapa wengi tunateleza wakati wa kumhamisha mgonjwa: unamwinua kitandani, mfuko unaulaza tumboni kwake "kwa dakika moja", mkojo wa tangu asubuhi unarudi ndani. Mpira wenyewe ufungwe pajani usivutike, na angalia asiukalie wala usijikunje.

Kuoga ni maji na sabuni ya kawaida kila siku na akishajisaidia, mama umsafishe kuanzia mbele kwenda nyuma. Dettol na poda achana navyo, vinachubua tu. Maji ya kunywa anywe ya kutosha, labda kama daktari kamwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Choo kigumu nacho kinabana mkojo usitoke vizuri, usikipuuze.

Sasa hiyo antibayotiki ya kila wiki: hapana. Mpira ukishakaa kama mwezi, karibu kila mgonjwa ana bakteria kwenye mkojo, hata asiyeumwa chochote. Sisi tulikuwa tukiona mkojo una ukungu au harufu tunakimbilia kupima, jibu linakuja "UTI", baba anameza dozi. Tatu mfululizo. Alipokuja kuumwa kweli, vijidudu vilivyooteshwa maabara vilikuwa sugu kwa dawa zote mbili tulizozizoea. Cha kukukimbiza hospitali ni homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno au chini ya kitovu, damu, kuchanganyikiwa ghafla, au mkojo kugoma kutoka. Na wakitaka kipimo, mpira wa zamani ubadilishwe kwanza, mkojo uchukuliwe kwenye mpira mpya. Wa kwenye mfuko haufai, umeshakaa humo ukiotesha wadudu.

Halafu kuna swali ambalo sisi tulichelewa kuliuliza: bado anauhitaji? Baba aliwekewa siku ya kwanza kwa sababu hakuwa anajitambua. Akajitambua, akaanza kukaa, akaanza kutembea kwa fimbo, mpira bado upo, kwa sababu kila daktari alidhani mwenzake ana sababu zake. Siku nilipouliza, walimfanyia jaribio la kuutoa pale pale kliniki (usijaribu nyumbani, ndani kuna puto la maji linaloushikilia). Wapo ambao kibofu kinagoma, hao wengine hufundishwa kuingiza mpira mwembamba mara 4 hadi 6 kwa siku na kuutoa, nao hupata UTI chache kuliko wa mpira wa kudumu. Baba yeye alikaa saa tatu, akaomba kupelekwa chooni, akafunga mlango.