Tafuta mwenyeji kwanza, fomu baadaye

Msimu wa kuomba ruzuku za kwenda kutafiti au kufundisha ng'ambo unapokaribia, wahadhiri wenzangu huniletea swali lile lile: nianze na ruzuku ipi? Jibu langu halijabadilika. Usianze na ruzuku, anza na mtu. Mtafute mwenyeji, yaani mtafiti au idara ya huko ambayo bila yao kazi yako haiwezi kufika inakotakiwa kufika, zungumza nao, kisha ndipo uangalie ni mfadhili gani anaweza kukulipia safari ya kuwafuata.

Nasema hivi kwa kuwa nimekaa pande zote mbili. Nimekwenda ng'ambo kwa ruzuku ya namna hii, na nimesoma maombi ya wengine. Ukiyasoma mengi kwa mkupuo, unagundua kwamba mengi ni mazuri kitaaluma: swali la utafiti liko wazi, mbinu zinaeleweka, machapisho yapo. Lakini ukifika pale panapoulizwa kwa nini mwombaji aende chuo kile na si kingine, unakuta sifa tu. Chuo kina hadhi kubwa duniani, kina maktaba nzuri na vifaa vya kisasa. Maneno hayo yanakifaa chuo chochote kikubwa. Andiko linalomfanya msomaji wa jopo la tathmini akae vizuri kitini husema mambo mengine: hifadhi ile ya nyaraka ina shajara ambazo hazijawekwa mtandaoni, maabara ile ina mtaalamu anayejua kuzipima sampuli kama zangu, mimi na mtafiti yule tumefikia matokeo yanayopingana na tunataka kujua nani yuko sahihi.

Wafadhili wenyewe wameliweka jambo hili mlangoni. Kwa ufadhili wa JSPS, shirika la Japani la kukuza sayansi, unaotolewa baada ya shahada ya uzamivu, kwa kawaida ombi huwasilishwa na mwenyeji wako kupitia taasisi yake. Wewe peke yako huna pa kuanzia. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani unakuachia uchague mwenyeji na mada, lakini unataka kauli ya mwenyeji huyo kuhusu mradi wako. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, ulio wazi kwa watafiti wa uraia wowote, unaombwa pamoja na taasisi itakayokupokea. Huko ubora wa kisayansi unabeba 50% ya alama, manufaa yanayotarajiwa 30% na utekelezaji 20%, na ubora wa usimamizi utakaoupata kwa mwenyeji unahesabiwa ndani ya ile 50%. Mwenyeji uliyempata wiki ya mwisho hawezi kukuandikia sehemu hiyo kwa uzito unaostahili.

Basi unampataje? Wengi huwaandikia vinara wa fani, watu ambao barua za namna hiyo huwafikia kila siku. Mimi huwashauri wenzangu wamtafute mtu wa katikati ya safari yake ya kitaaluma: ana nafasi ya kudumu, bado anajenga kundi lake la utafiti, na mgeni mwenye data mpya anamfaa kweli. Soma makala zake mbili tatu za karibuni, zisome kwa makini, kisha andika barua pepe fupi. Sentensi ya kwanza itaje jambo mahususi katika kazi yake. Ya pili ieleze unachofanya wewe na kinakutana wapi na lile jambo. Ya tatu iombe kitu kidogo: mazungumzo ya nusu saa. Usiombe barua ya mwaliko siku ya kwanza. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole, kisha endelea na mwingine bila kinyongo.

Mazungumzo yakikolea, ndipo uombe barua, na hapo usiwe na haya. Barua inayosema "tunafurahi kumkaribisha" haina nguvu. Barua yenye nguvu inataja tarehe za kuja na kuondoka, ofisi au nafasi ya maabara, ruhusa ya kutumia maktaba na hifadhi za nyaraka, mtakayofanya pamoja, na kama taasisi inatoza chochote kwa wageni (zipo zinazotoza, na mfadhili asipolilipa, deni hilo litakuangukia wewe). Mpelekee mwenyeji orodha ya hoja ambazo mfadhili anazitafuta. Wenyeji wengi hushukuru, maana hawajawahi kusoma mwongozo wa ruzuku yako.

Kwa anayetaka kufundisha zaidi ya kutafiti, mantiki ni ile ile ila ushahidi unabadilika. Omba mtaala wa idara husika, tazama pengo liko wapi, kisha pendekeza kozi inayoliziba, ukiambatisha muhtasari wa wiki kwa wiki. Ziara za ualimu za Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, zinategemea makubaliano kati ya vyuo viwili, kwa hiyo mlango wako wa kwanza ni ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako mwenyewe. Ziara hizo ni fupi, kuanzia siku 5 hadi miezi 2, na kwa kawaida unatakiwa kufundisha angalau saa 8 kwa wiki. Wahadhiri wengi huzipuuza kwa ufupi wake. Mimi naziona ni njia bora ya kumjua mwenyeji kabla ya kumwomba mwaka mzima.

Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wanazuoni, nayo ina jambo lake. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1946, na fedha zake za mwanzo zilitokana na mauzo ya mali za kivita zilizobaki nje ya Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lengo lilikuwa maelewano kati ya watu wa mataifa, na mpaka leo ombi linalozungumzia maabara peke yake linapoteza nafasi. Eleza utakutana na nani nje ya idara, utatoa mihadhara gani ya wazi, na ukirudi nyumbani wanafunzi wako watapata nini.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, soma masharti ya kustahiki na ya viza. Watu hufanya kazi miezi mingi kisha wanakwama kwenye mstari mmoja. Marie Skłodowska-Curie ina kanuni ya uhamaji: usiwe umeishi au kufanya kazi yako kuu katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Mwanazuoni wa Fulbright huingia Marekani kwa viza ya J-1, ya wageni wa mipango ya kubadilishana, ambayo kwa fedha za serikali huja na sharti la kurudi kuishi nchini kwako miaka 2 kabla ya kuweza kupata ukaazi wa kudumu au viza kadhaa za kazi. Sharti hilo linagusa familia nzima, kwa hiyo lizungumzeni nyumbani mapema, hasa kama mwenzi wako naye ana ajira.

Kuhusu fedha, uliza mambo matatu: posho ya kwanza inalipwa lini, bima ya afya inawahusu wategemezi au wewe tu, na kodi inakatwaje. Mwezi wa kwanza ndio mgumu, kwani mwenye nyumba hutaka amana kabla posho haijaingia. Na anayekutoza ada ili akupokelee ombi, mkimbie. Hakuna mfadhili hata mmoja niliyemtaja hapa anayefanya hivyo.

Mwajiri wako naye apate taarifa mapema, kwa maandishi, pamoja na pendekezo la nani atashika vipindi vyako.

Ukikataliwa, uliza kama unaweza kupata maoni ya wasomaji. Marie Skłodowska-Curie huwapa waombaji ripoti ya tathmini. Isome pamoja na mwenyeji wako. Angalia pia kanuni za kuomba tena, kwa sababu alama zikiwa chini ya kiwango kilichowekwa huenda usiruhusiwe kurudi na taasisi ile ile mwaka unaofuata. Wakati huo, pendekeza muandike makala moja kwa data mliyo nayo tayari, kila mtu akiwa kwake. Itakapofika zamu ya mfadhili mwingine, makala hiyo itakuwa kwenye wasifu wako na jina la mwenyeji litakuwa pembeni ya lako.