Pumzi Inakata Sebene la Nne: Maswali ya Wachezaji wa Jukwaani

Mwezi huu tumetenga ukurasa kwa wanaocheza kwa nguvu mbele ya watu: wanenguaji wa bendi, vijana wa singeli, vikundi vya ngoma. Barua zao zinatofautiana, lakini karibu zote zinauliza kuhusu pumzi.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni mnenguaji wa bendi hapa Temeke, nina miaka 22. Shoo yetu ni dakika 25 bila kukaa. Nyimbo mbili za kwanza niko moto, ya tatu miguu inakuwa mizito, sebene la nne nabaki kutingisha mikono tu. Tunarudia shoo nzima mara tatu kila siku lakini sioni tofauti. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kosa liko kwenye huko kurudia. Mazoezi ya bendi yanaifanya miguu ikumbuke mpangilio, ila moyo haupati kazi ya kutosha. Mkisimama kunyoosha mstari, mkimsubiri mpiga solo, mapigo yanashuka, na jukwaani hakuna anayekusubiri. Halafu ukirudia mara ya tatu ukiwa hoi, mwili unajifunza kucheza kichovu: goti halipandi, kiuno kinachelewa, mabega yanakaribia masikio. Uchezaji huo ndio unaoupeleka kwa watazamaji.

Anza kwa kuchora ramani ya shoo. Rekodi shoo nzima kwa simu, kisha itazame ukiwa na saa. Tuseme kila wimbo una dakika 2 za mwimbaji ambazo wewe unayumba tu, sebene la dakika 2 na nusu, na sekunde 30 kabla ya wimbo unaofuata. Nyimbo tano ni dakika 25. Kwa hiyo una kazi mbili: kucheza kwa nguvu zote dakika 2 na nusu, na kurudisha pumzi ndani ya dakika 2 na nusu zinazofuata. Kwa maelezo yako, hiyo ya pili ndiyo inayokuangusha. Sekunde kama 10 za kwanza za sebene misuli hutumia akiba yake yenyewe. Baada ya hapo huchoma sukari haraka kuliko oksijeni inavyofika, na ndipo mapaja yanapowaka. Wakati mwimbaji anaimba, oksijeni ndiyo inayoijaza akiba ile tena. Moyo usiozoea kazi ndefu huipeleka polepole, kwa hiyo unaingia kila sebene na deni la lililopita.

Jipe wiki 8. Wiki 3 za kwanza kimbia jogingi ya polepole siku 3 kwa wiki: dakika 25, kisha 30, kisha 35. Uweze kusema sentensi nzima bila kukatisha. Ukianza kusema maneno mawili mawili, punguza, hata ikibidi utembee. Kwa umri wako mapigo ya juu kabisa hukadiriwa kwa 220 kutoa 22, yaani 198 kwa dakika, na jogingi hii ibaki kati ya 120 na 140. Mara tu unaposimama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6. Upate 20 hadi 23. Usihesabu dakika nzima, maana mapigo yanashuka huku unahesabu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona aibu kukimbia polepole barabarani, wanaongeza mwendo, na wiki ya pili goti limevimba. Tunakuomba uvumilie upole huu, kwa sababu ndio unaojenga uwezo wa kurudisha pumzi.

Wiki ya 4 hadi ya 6 bakiza jogingi mbili, siku ya tatu iwe ya vipande. Pasha mwili dakika 10, kisha dakika 4 za nguvu na 3 za kutembea, mara nne. Kimbia, panda ngazi au ruka kamba, upendavyo. Mwisho wa kila kipande hesabu ya sekunde 10 iwe 28 hadi 30. Kipande cha nne kiwe na mwendo uleule wa cha kwanza. Kikiwa dhaifu, ujue ulianza kwa pupa.

Wiki ya 7 fuata ramani yako siku mbili: dakika 2 na nusu za nguvu, dakika 2 na nusu za kuyumba, mara tano, kwa muziki wenu lakini kwa hatua rahisi ili kichwa kisihangaike na mpangilio. Wiki ya 8 fanya mara tatu badala ya tano, bila kupunguza kasi, na zoezi gumu la mwisho liwe siku 3 au 4 kabla ya shoo. Katika kipindi chote hiki mwombe kiongozi wenu shoo ichezwe kwa nguvu zote mara moja tu kwa siku. Mara nyingine mpite hatua bila kuruka. Siku za vipande hata hiyo moja iache.

Pima hivi: hesabu mapigo unapomaliza kipande cha mwisho, hesabu tena baada ya dakika 1, andika tofauti. Mwanzoni yakishuka 20 na mwezi ujao yakishuka 35, moyo umeongezeka uwezo hata kama kioo hakionyeshi kitu. Na usiache kabisa baada ya shoo: wiki mbili za kukaa tu zinatosha kuanza kuibomoa kazi hii.

SWALI: Sisi ni vijana watatu wa singeli, Tandale. Biti zetu zinafika 240 kwa dakika. Tufanyeje tusikate pumzi kabla nyimbo haijaisha?

JIBU: Pigeni hesabu kwanza. Mapigo 240 kwa dakika ni manne kwa sekunde. Ukikanyaga kila pigo kwa dakika 3, hizo ni hatua 720. Kanyageni pigo moja, ruka moja, zinabaki 360, na mtazamaji bado anaona kasi kwa sababu mabega na kiuno vinaendelea kugusa yale mengine. Kasi kamili iwekeni kwenye vipande vya sekunde 15 hadi 20, na msiiingie wote watatu kwa pamoja: mmoja anapasua, wawili wanashikilia. Angalieni pia mikono. Mchezaji aliyekunja ngumi na kuuma meno anamaliza nguvu bila kupiga hatua hata moja, na mara nyingi anakuwa amebana pumzi pasipo kujua. Achieni vidole na taya, toeni pumzi kila mnapotua.

SWALI: Hamjambo wahariri. Nafundisha kikundi cha isukuti, Kakamega. Vijana wangu wanacheza vizuri, lakini wakianza kuimba huku wanacheza sauti inakatika. Nifanyeje?

JIBU: Hatujambo, mwalimu. Isukuti ina ugumu huo kwa asili yake: ngoma haipoi, mabega hayatulii, na wimbo lazima usikike. Kuimba ni kutoa pumzi kwa muda mrefu na kuivuta kwa muda mfupi, wakati mwili unaocheza unataka kuivuta upesi upesi. Kijana asiyejua mahali pa kuvuta huvuta kokote, na ndipo neno linapokatika.

Andika maneno ya wimbo ubaoni na uweke alama kila mahali pa kuvuta pumzi. Wafundishe wakiwa wamekaa, mkono tumboni: pumzi ikiingia tumbo lisukume mkono, mabega yasipande. Kisha waimbe wakitembea, halafu wakipanda kilima kwa mwendo wa haraka, halafu wakicheza nusu nguvu, na mwisho kwa nguvu zote. Usiwasogeze hatua inayofuata mpaka mstari mzima utoke bila kukatika. Kila hatua hapo inaweza kuchukua wiki nzima. Kiongozi wa wimbo apewe hatua nyepesi anapoita, na waitikiaji wagawanywe makundi mawili, ili kuwe na kundi linaloruka na kundi linalobeba sauti.

SWALI: Kikundi chetu cha ngoma kinatoka Njombe, tutacheza Bagamoyo. Safari iliyopita wawili walizimia. Kwa nini, wakati nyumbani wanacheza saa nzima?

JIBU: Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na ni baridi. Pwani kuna joto la unyevu, na jasho linatiririka badala ya kukauka, kwa hiyo halipoozi mwili. Damu inagawanywa mara mbili, sehemu kwenye misuli na sehemu kwenye ngozi kutoa joto, na ubongo unaweza kupungukiwa, hasa mchezaji akisimama ghafla. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Mkiweza, tangulieni. Msipoweza, wiki mbili za mwisho fanyeni mazoezi saa 8 mchana mkiwa na nguo nzito kidogo, mkianza na dakika 20 na kuongeza taratibu. Yeyote anayesikia kizunguzungu avue na apumzike.

Maji yapimwe kwa mizani. Mchezaji wa kilo 62 aliyekunywa nusu lita na kumaliza mazoezi akiwa na kilo 60.8 ametoa jasho la lita 1.7. Amepungua kilo 1.2, karibu asilimia 2 ya uzito wake, na zaidi ya hapo uwezo hushuka. Arudishe kama lita 1.8 kwa saa chache, si kwa mkupuo, pamoja na chakula chenye chumvi. Madafu ni mazuri, ila yana chumvi kidogo kuliko jasho. Na wakati wa kucheza mtu asinywe hadi azidi uzito aliokuwa nao kabla, kwani maji mengi mno huichujisha damu na ni hatari.

Mtu akichanganyikiwa, akipepesuka au akiongea ovyo huku mwili ni moto, msisubiri: mvueni mavazi, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na gari la hospitali liitwe wakati mnaendelea kumpooza.

SWALI: Nina miaka 19, nafanya mazoezi kama wenzangu lakini nachoka kuliko wote. Moyo unanidunda hata nikipanda ngazi. Hedhi yangu ni nzito.

JIBU: Mdogo wetu, acha kwanza kuongeza mazoezi, nenda ukapime damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na hakuna jogingi inayoweza kuufidia. Wakati huohuo wapime malaria, na uulize kuhusu selimundu: hata mtu mwenye vinasaba vyake bila kuugua anaweza kuanguka akisukumwa kupita kiasi, hasa kwenye joto. Mweleze daktari kuhusu hedhi pia.

Usimeze vidonge vya madini ya chuma kabla ya majibu. Chakula unaweza kuanza leo: dagaa, maini, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa au limau linalosaidia madini hayo kufyonzwa. Chai inayazuia, kwa hiyo ihamishe mbali na mlo, saa moja au mbili baadaye.

SWALI: Tangu nianze kuruka kamba ugoko unauma. Niendelee?

JIBU: Pitisha kidole kwenye mfupa wa ugoko toka juu hadi chini. Maumivu yakienea sehemu ndefu ya upande wa ndani, umeongeza mzigo haraka: pumzisha kamba wiki mbili, endesha baiskeli au ogelea kulinda pumzi, kisha rudi kwa sekunde 30 mara 6 kwenye udongo au mbao, si saruji, ukitua kimyakimya. Yakiwa mahali pamoja padogo kama sarafu, na hasa yakikuamsha usiku, mfupa unaweza kuwa umeanza kupasuka. Usiruke tena hadi daktari aone. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe ufa, kwa hiyo maumivu yakibaki, rudi ukapigwe nyingine baada ya wiki mbili au tatu.