Usimbandulie kifaranga ganda, mwache atoke mwenyewe

Umeuliza kama umsaidie kifaranga kutoka, maana yai moja chini ya kuku wako anayeatamia limetoboka tangu asubuhi na kifaranga analia ndani; tulia kabisa usiguse ganda, maana toka atoboe mpaka atoke inaweza kufika hata masaa 24 na muda huo wote anamalizia kufyonza kiini na damu iliyoko kwenye ule utando wa ndani ya ganda, ukivuta mapema utaona damu inachuruzika na mara nyingi ndo unampoteza. Na kuku usimwinue-inue, joto na unyevu wa chini ya tumbo lake ndo unalainisha utando, ukifunua kila saa unakauka unamnata kifaranga kama gundi. Waliokwisha kutoka usiwe na presha ya kuwalisha leo, kile kiini kinawatosha siku mbili hivi, ila maji weka karibu, kwenye kisahani kisicho na kina chenye vijiwe wasije wakazama. Mama yao naye msogezee chakula pale pale. Cha kuangalia sana ni kuku akishuka kwenye kiota na vifaranga huku mayai mengine bado, yakiwa yametoboka au unasikia sauti ndani yawahi, mpe kuku mwingine anayeatamia au yaweke penye joto, yakipoa hao wamekwenda.