Silabi yangu ni "sa", na si ya Kiswahili

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ukiruhusiwa kuimba nyimbo zinazoanza na silabi moja tu, utachagua silabi gani?" Najua wengi watasema "ma", na siwalaumu. Mapenzi, mahaba, mama, maisha, machozi: muziki wa dansi na taarabu ukiunyang'anya silabi hiyo utabaki na nini? Mimi nachagua "sa", ila sa ya Kijapani, niliyoikuta kwenye kitabu cha karaoke mjini Hamamatsu, Japani, nilikokwenda mafunzo ya kazi ya miaka miwili.

Siku hizi nyimbo unazitafuta kwa kugusa kioo cha rimoti. Chumba tulichozoea kwenda sisi bado kilikuwa na kitabu, kinene kama vile vitabu vya simu vya zamani. Nyimbo zimepangwa humo kwa majina, kufuata mpangilio wa silabi zao: a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko, kisha sa, shi, su, se, so. Aliyeimbishwa "ba be bi bo bu" darasa la kwanza hapotei. Kila wimbo una namba yake. Ukishaiingiza, muziki unaanza na maneno yanapita kwenye skrini yakibadilika rangi silabi baada ya silabi. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwenye irabu, na ile n yao inayosimama peke yake haimshindi mtu anayetamka "nchi" kila siku. Kwa hiyo unaimba vizuri tu, hata kama hujui unachokiimba.

Kurasa za sa ndizo zilizokuwa zimechakaa kuliko zote, pembe zimejikunja, na moja ina duara la glasi ya bia. Sababu ni neno moja: sakura, maua ya mcheri. (Nyumbani Tanga nikilitaja wanasikia "chakura", wananiuliza kuku wanahusikaje.) Unashuka na kidole: Sakura, Sakura, Sakura, msanii huyu, msanii yule. Wengine wameliandika kwa herufi zenye asili ya China, wengine kwa zile za silabi walizonazo za aina mbili, wengine kwa herufi za Kilatini kama zetu, lakini kwa kutamka ni neno lile lile.

Mimi nilijua moja tu, "Sakura Sakura", wimbo wa tangu enzi za Edo, Japani ya kale, ambao wanafunzi wa koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, huanzia mkono, na ambao chuo cha muziki cha Tokyo kiliuchapa mwaka 1888. Ni mfupi, unakwenda taratibu, haumwaibishi mgeni. Zamu yangu ilipofika nikaingiza namba, nikasimama, nikakohoa kidogo. Piano ikaanza peke yake, na si wimbo niliokuwa nikiujua. Nilikuwa nimekosea mstari.

Ilikuwa "Sakura" ya Moriyama Naotaro, ya mwaka 2003. Nikabaki na maiki mkononi kama abiria aliyepanda daladala la njia nyingine. Kiongozi wa zamu yetu, ambaye wote tulimwita Hancho kwa cheo chake, mtu mzima, kazini maneno matatu kwa siku yalimtosha, akanyoosha mkono. Nikampa maiki. Akaimba bila kutazama skrini hata mara moja. Alipofika kwenye neno "saraba", kwaheri, sauti ikamkwama, na wenzake wote kwa pamoja wakawa na shughuli na glasi zao. Jirani yangu akaninong'oneza: binti yake amemaliza shule wiki hii, anahamia Osaka.

Ilikuwa Machi. Mwaka wa shule wa Japani huisha Machi na mwingine huanza Aprili, na kampuni nyingi nazo hupokea wafanyakazi wapya Aprili, na uhamisho mwingi hufanyika majira hayo hayo. Na mcheri, kwa maeneo ya Tokyo na kando ya pwani ile tuliyokuwa, huchanua mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, ukapendeza kwa wiki moja hivi, kisha upepo na mvua vikaupukutisha. Kwa hiyo mtu akiagana na wenzake, juu ya kichwa chake kuna maua yanayodondoka. Waimbaji hawakuiacha nafasi hiyo. Fukuyama Masaharu alitoa "Sakurazaka" mwaka 2000, jina la mteremko wa kweli katika wilaya ya Ota mjini Tokyo, na ikauza zaidi ya nakala milioni 2. Utada Hikaru akaja na "Sakura Drops" mwaka 2002. Mwaka 2005 peke yake Ketsumeishi walitoa "Sakura" yao na Kobukuro ya kwao, na mwaka uliofuata Ikimonogakari wakaingia kwenye kampuni kubwa ya muziki kwa wimbo wenye jina hilo hilo. Utasema wanaigana. Ni kweli, lakini kwetu nani hajaimba harusi?

Neno la pili la kurasa zile ni sayonara. Wageni tunadhani ndiyo kwaheri ya kila siku, kumbe kazini sikulisikia. Jioni watu walipeana pole na ahsante ya kazi, wakaondoka. Sayonara imetokana na maneno yenye maana ya "kama ni hivyo", na saraba ya Hancho ina asili ya namna hiyo hiyo. Wanaanza sentensi ya kuagana, hawaimalizi. Nikakumbuka shangazi yangu anavyokata simu: "Haya basi."

Nyimbo zinazoanza na "za" nazo zimo humo humo, maana herufi ya sa ukiitia vistari viwili inakuwa za. Hizo niliziruka.

Ila siwezi kuuruka "Sazae-san", hasa kwa sisi wa pwani. Ni wimbo wa katuni inayorushwa kwenye televisheni tangu Oktoba 1969, Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni. Sazae ni konokono wa baharini, ndilo jina la mama wa nyumba yule. Mdogo wake wa kiume ni Katsuo, samaki wa jamii ya jodari. Wa kike ni Wakame, mwani. Baba yao ana "wimbi" ndani ya jina lake, na mama yao ni Fune, chombo cha majini. Wimbo unaanza na paka aliyekwapua samaki, Sazae anamkimbiza pekupeku. Unachekesha, lakini bwenini kwetu ukisikika watu walikuwa wakinyamaza, kwa sababu ukiisha wikiendi nayo imeisha. Wajapani wana jina kabisa la unyonge huo wa Jumapili jioni, na wamelitoa kwa Sazae-san.

Mwaka wa pili ilipofika Machi nikawa mimi ninayeondoka. Wakanipeleka kwenye chumba kile kile. Hancho akakivuta kitabu mwenyewe, akafungua kurasa za sa, akashuka na kidole hadi kwenye mstari niliokosea, akanisogezea rimoti. Nikaingiza namba. Piano ikaanza. Ubeti wa kwanza niliimba mimi.