Jaji hupima nini kabla ya kutoa hukumu ya kuua bila kukusudia

Dada mmoja wa Molo ameniandikia wiki hii. Kaka yake ameafikiana na upande wa mashtaka: shtaka la mauaji limeshushwa kuwa la kuua bila kukusudia, naye atakiri. Anauliza atafungwa miaka mingapi. Dada yangu, hakuna anayeweza kukutajia. Kifungu cha 205 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamruhusu jaji kufika hadi kifungo cha maisha, wala hakikuweka kiwango cha chini. Ndiyo maana wako waliopewa kifungo cha nje na wako waliofungwa miaka ishirini.

Haya nimeyajua kwa uchungu. Mdogo wangu alimpiga jirani yetu kwa mpini wa jembe kule Njoro, wakigombania mpaka wa shamba. Katika Mahakama Kuu ya Nakuru nilimsikiliza jaji akisoma hukumu, na hakuanza na machozi ya mama yetu. Alianza na ripoti ya daktari aliyepasua maiti: majeraha mawili kichwani. Pigo la kwanza, alisema, lilitokana na hasira ya ghafla. La pili lilimkuta mtu keshaanguka. Hilo la pili ndilo lililotuumiza. Akaongeza kwamba marehemu hakuwa na silaha na kwamba aliacha watoto wadogo.

Kisha akageukia yaliyomsaidia mdogo wangu. Alikuwa kijana asiye na rekodi. Alikiri, hivyo mjane hakulazimika kupanda kizimbani kusimulia kifo cha mumewe. Tena alimbeba majeruhi kwa bodaboda hadi zahanati, kisha akajipeleka polisi mwenyewe.

Hilo la zahanati nililitafuta mimi, na najivunia. Wakili wetu wa kwanza alitaka kusema kwamba mteja wake ni kijana, ni kosa lake la kwanza, anaomba huruma, basi. Maneno hayo jaji huyasikia kila siku. Nilimsaka mwendesha bodaboda yule, nikamkutanisha na afisa wa probesheni, yule anayemwandikia jaji ripoti kuhusu mshtakiwa kabla ya hukumu, na maelezo yake yakaingia kwenye ripoti hiyo.

Ripoti hiyo ichukulie kwa uzito, dada. Afisa huja mpaka nyumbani. Huzungumza na chifu, na majirani, na familia ya marehemu pia. Ukoo wetu ulikuwa na wazee wenye sauti kubwa matangani, lakini siku afisa alipofika, kila mmoja alikuwa na safari. Sijawasahau. Ndugu zangu, msimwache mtu wenu aelezwe na wanaomchukia peke yao!

Na kwa waliofiwa, nendeni kabla hamjahitaji kitu. Mama yangu alikwenda kuomba msamaha mapema, mikono mitupu, akafukuzwa, akarudi tena. Wanaofika na ng'ombe wiki moja kabla ya hukumu huonekana wamekuja kununua maneno. Familia ya marehemu ina haki ya kuieleza mahakama jinsi ilivyoumizwa, na hakuna ruhusa ya kuwanyamazisha.

Mwambie wakili asome orodha iliyotolewa na Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu mwaka 2017: umri, kosa la kwanza, kukiri, tabia, majuto, uwezekano wa kurekebika, na kama mshtakiwa alikuwa akijibu dhuluma ya kijinsia. Kesi ile ilihusu mauaji, lakini mambo hayo hupimwa hata katika kuua bila kukusudia. Kila jambo alitafutie shahidi au karatasi. Majuto nayo yawe na vitendo. Kulia kizimbani hakutoshi.

Mwisho, ataje tarehe kaka yako aliyokamatwa. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda wa rumande uzingatiwe. Mdogo wangu alipewa miaka minane, ikihesabiwa tangu siku aliyotiwa mbaroni. Jaji asipoutaja muda huo, wakili ainuke aseme papo hapo.