Shahada ya ualimu kwa mkopo, inalipa?

Mdogo wangu, hofu yako ya kumaliza ualimu na deni la Bodi ya Mikopo naielewa. Kwenye salari slipu yangu bodi hiyo (HESLB) hukata 15% ya mshahara wa msingi, kabla hujahesabu kodi, makato ya pensheni (PSSSF) na nauli. Inauma, ila tozo ya 6% ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa 2021, hivyo deni halivimbi tena.

Kinachonitisha ni kusubiri ajira. Chukua Fizikia au Hisabati, na uliza shule binafsi za kwenu zinalipaje. Una stashahada na ajira ya serikali tayari? Shahada inakutoa ngazi ya mshahara wa walimu TGTS C kwenda D, lakini muulize kwanza afisa utumishi kuhusu ruhusa ya masomo.