Krapi wa Ziwa Kentucky: Tafuta Kina Kwanza, Mahali Baadaye

Ndugu zangu mnaoishi Bowling Green, Louisville na miji ya jirani hapa Kentucky, Marekani, kuna swali kuhusu krapi, samaki wa maji matamu, ambalo huniijia kila mwaka: mwezi wa nne krapi walijaa pale kwenye vichaka, mbona mwezi wa sita chambo kinakaa hapo hapo na hakuna anayekigusa? Samaki hawajaisha. Wamehama, na safari yao inafuata utaratibu. Ukiujua utaratibu huo, hutalazimika kulihangaikia ziwa zima.

Maana ziwa lenyewe ni kubwa mno. Ziwa Kentucky lilitokana na Bwawa la Kentucky lililokamilika mwaka 1944 kwenye Mto Tennessee, na maji yake yanaenea karibu kilomita 300 hadi kuingia jimbo la Tennessee. Lakini chini ya maji hayo mto wa zamani ungali na kingo zake, na vijito vilivyokuwa vikiumiminia navyo vingali na njia zao. Njia hizo ndizo barabara za krapi. Kwa niliyoyaona mimi, sehemu kubwa ya mwaka wake hupita kati ya mwisho wa hori, yaani mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu, kwenye maji mafupi, na ukingo wa mto kule nje. Kwa hiyo chagueni hori moja, mlijue kuanzia mdomoni hadi mwisho wake, kabla ya kuhamia jingine.

Majira ya kuchipua ndiyo yanayomfurahisha kila mtu. Maji yakianza kupata joto, krapi huondoka kwenye kina na kufuata njia ya kijito kuelekea ndani ya hori, wakipumzika kwenye visiki na matawi yaliyozama. Joto la maji likifika kati ya nyuzi 16 na 20 za Selsiasi, hutaga mayai karibu na ufuko. Dume hutangulia kuandaa kiota, rangi yake hukolea na kuwa nyeusi, naye ndiye hubaki kulinda mayai na vitoto. Jike akishataga huondoka. Ndiyo maana wiki moja unapata majike makubwa yenye mayai, na wiki inayofuata unapata madume meusi matupu. Hapo mnaobaki ufukoni mmeshaachwa nyuma: majike wako nje kidogo, kwenye kina kirefu zaidi, wanarudi walikotoka.

Kuna jambo jingine la majira hayo ambalo wageni wengi hawalijui. Shirika la TVA linaloendesha bwawa hupandisha maji kuanzia mwezi wa nne, kutoka futi 354 za majira ya baridi hadi futi 359 za kiangazi, zikipimwa kutoka usawa wa bahari. Futi tano ni nyingi kwenye ufuko ulio tambarare. Kichaka kilichokuwa nchi kavu kinaingia majini, na krapi wanakifuata. Kabla ya kutoka nyumbani angalieni kiwango cha maji cha siku hiyo, kinatangazwa mtandaoni. Tena angalieni kama bwawa linafunguliwa, kwa sababu maji yakivuta, krapi hujibana nyuma ya kisiki na chambo lazima kimpitie karibu kabisa.

Kiangazi tafuteni ukingo wa mto wa zamani na rundo la matawi yaliyozamishwa, kina cha futi 10 hadi 20. Msidhani kwamba kwenda chini zaidi ni bora zaidi. Katika maziwa yaliyotulia, tabaka la chini hukosa hewa ya oksijeni wakati wa joto, na krapi huelea juu ya tabaka hilo. Ziwa Kentucky lina mkondo unaochanganya maji, hivyo jambo hilo halionekani sana, ila mkienda maziwa mengine likumbukeni.

Usiku wa kiangazi una raha yake, na wale mliokulia Kigoma, Uvira au Kalemie mtaielewa mara moja. Washeni taa juu ya maji. Vijidudu hukusanyika kwenye mwanga, shadi, kisamaki cha rangi ya fedha, hufuata vijidudu, na krapi hufuata shadi. Ni kazi ile ile ya karabai na dagaa wa Tanganyika, isipokuwa hapa mnatumia mshipi.

Majira ya kupukutika majani shadi huingia tena ndani ya mahori, na krapi nyuma yao. Baridi ikikaza hurudi kwenye kingo za kina kirefu, hujikusanya makundi na hula taratibu. Chambo kisitikisike sana.

Katika majira yote hayo, kosa linalonisikitisha zaidi ni chambo kupita chini ya samaki. Macho ya krapi yameelekea juu. Chakula kilicho chini yake hana habari nacho. Wekeni boya ili chambo kiwe futi moja au mbili juu yake, na mkikosa, badilisheni kina kabla ya kubadilisha mahali. Akishika, msivute kwa nguvu, kwani mdomo wake ni mwembamba na huchanika.

Asiye na boti asikate tamaa. Idara ya wanyamapori na uvuvi ya Kentucky huzamisha matawi ziwani na kutangaza ramani ya mahali yalipo. Leseni inahitajika kuanzia miaka 16, isipokuwa wikendi ya kwanza ya mwezi wa sita ambapo kila mtu huvua bila leseni. Kanuni za urefu wa samaki na idadi ya kuchukua hubaki pale pale hata siku hizo, kwa hiyo bebeni rula.